Ng'ombe wa Wakili Gakwaya

Kagugu, Kigali
Jumapili, 9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na mvua imeanza kunyesha huko Ngara. Sisi hapa Kagugu hatujambo. Vumbi la barabara wanayochonga limetuingia mpaka kwenye sukari, lakini hatujambo. Yvonne anakusalimu sana. Tangu apate mchumba, binti yako amekuwa mtu wa kuimba bafuni kila asubuhi, na kwa kuwa anakaa kwangu, mimi ndiye msikilizaji. Sauti hana. Nimeshamwambia, hasikii, labda wewe mama yake atakusikia.

Barua hii nampa Mugeni, yule mama wa dagaa, anashuka huko kuchukua mzigo. Najua ungependa nipige simu. Lakini nikipiga unaweka sauti kubwa, nyumba nzima inachangia, mpaka jirani naye anaitikia kutoka nje. Ya leo nataka uyasome peke yako.

Unakumbuka nilikwambia kwamba mwezi wa kumi na mbili tulialikwa Rebero kwa Jaji Jean-Berchmans, baba yake Frederick, huyu mchumba wa Yvonne atakayekuwa mkweo? Alikuwa anazindua nyumba mpya. Watu walikuwa wengi, chakula kingi, hotuba ndefu. Katikati ya hotuba akasimama wakili mmoja, anaitwa Gakwaya, akaomba nafasi. Mara akaingizwa ng'ombe pale uani: jike, rangi ya asali, shingoni kafungwa utepe, pembe yake ya kushoto imepinda ikashuka hadi jichoni. Gakwaya akasema mbele ya wote kwamba anampa ng'ombe rafiki yake. Wewe mambo hayo unayajua kuliko mimi. Ng'ombe aliyetolewa hivyo hakataliwi, na aliyepewa anabaki na jina la mtoaji mdomoni, analitaja popote na kuapa kwalo. Jean-Berchmans akasimama, mikono juu, akasema, "Gakwaya yampaye inka!" Gakwaya kanipa ng'ombe. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Nani angewaza rushwa, kitu kinatolewa mchana kweupe na nyimbo juu?

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita tulikaa majaji watatu kusikiliza rufaa ya kiwanja kule Rebero, mwenyekiti wetu Jean-Berchmans. Upande mmoja kuna mjane anaitwa Mukamana, anayeishi pale na wajukuu. Upande wa pili kuna tajiri anayetaka kubomoa ajenge nyumba za kupangisha. Haya nakuambia kwa sababu yalisemwa mahakamani mbele ya watu. Ya ndani sikuambii, wala usiniulize. Wakili wa tajiri akasimama kujitambulisha. Gakwaya. Nikamgeukia mwenyekiti wangu nikingoja aseme kwamba huyu bwana ni rafiki yake, amempa ng'ombe juzi tu, kwa hiyo anajitoa kwenye kesi. Akafungua jalada, akasema, "Tuendelee."

Nilimfuata ofisini kwake tulipotoka. Shangazi, huyu si mtu mbaya kwangu. Nilipoanza kazi ndiye aliyenionyesha namna ya kuandika hukumu. Nikamwambia, "Mzee, jitoe." Akacheka kidogo. "Febronia, inka haikataliwi. Iko urafiki tu, kesi haiko ndani yake." Nikamwambia kesi imo. Hapo akaacha kucheka. Akaniambia nirudi nyumbani nimtazame Yvonne vizuri, halafu nifikiri.

Nimefikiri. Nimempa nafasi ajitoe mwenyewe, na asipojitoa nitaandika kwa wakaguzi wa mahakama. Kanuni zetu hazimwambii jaji asile rushwa tu, zinamwambia pia asigeuze uso akimwona mwenzake anakosea. Gakwaya naye ana chama chake cha mawakili, huko nako kuna pa kumpeleka.

Nakuomba kitu kimoja. Isogeze mbele harusi mpaka jambo hili liishe. Mtafutie Yvonne sababu yoyote. Sababu wewe hujawahi kupungukiwa.

Mwanao,
Febronia


Ngara
Jumapili, 16 Machi 2025

Mwanangu Febronia,

Tumsifu Yesu Kristo, na uitikie kwa sauti hata kama upo peke yako. Barua yako imefika inanuka dagaa, paka kaifuata mpaka chumbani. Mugeni aliugua malaria akalala kwa dada yake Rusumo mpakani, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Usidhani nimenuna.

Mgongo upo, na mimi nipo, tumeshazoeana. Maharage yametoka vizuri. Kaburi la marehemu kaka yangu, baba yako, tumelipalilia na kupaka chokaa, sasa linaonekana tangu barabarani. Paroko mpya ni kijana, anahubiri kifupi mpaka watu wanabaki wameketi wakidhani kuna mengine.

Sasa nikupe habari tamu. Mahari imeletwa! Wewe hukuja, ukasema kazi, haya, kazi hiyo itakuzika. Lakini wazee wa Frederick walikuja na heshima zao zote. Wakaleta vitenge vyangu, wakaleta blanketi la wajomba, wakaleta na ng'ombe mzima wa miguu minne, siyo ng'ombe wa bahasha kama mnavyofanya huko mjini. Jaji mwenyewe kamtoa katika zizi lake amlipie mwanawe. Anaitwa Gaju. Rangi yake ukiiona utasema kapakwa asali. Pembe moja imemshukia jichoni, basi anatembea na maringo kama mwanamke aliyefunga kilemba upande. Akinamama wa jumuiya wanakuja kumtazama, wakitoka hapo wanatafuta sababu ya kurudi. Na maziwa anayo. Kila asubuhi nakunywa kikombe nikisema, Flaviana, umezaa binti, hukuzaa bure.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma. Wewe umesoma sheria, mimi sikusoma. Najua tu harusi ni Julai na tangazo limeshasomwa kanisani. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Huyo Mukamana ni nani kwetu? Mwombee, hiyo inatosha. Mambo ya wakubwa kazini yaachie wakubwa wenyewe, watayamaliza.

Umle vizuri Yvonne asikonde kabla ya gauni. Yaani umlishe vizuri, mkono umeteleza.

Shangazi yako,
Flaviana


Kagugu, Kigali
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tumetoka kwenye wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari, mji ulikuwa kimya, na leo kengele zimelia tena. Nimefurahi kusikia habari ya kaburi la baba. Nikija nitamshukuru kila aliyeshika jembe.

Nilikuwa nasoma barua yako nikicheka, mpaka nilipofika kwenye pembe.

Huyo ng'ombe namjua. Si wa zizi la Jean-Berchmans. Ndiye yule aliyeingizwa uani Rebero na utepe shingoni. Gaju ni ng'ombe wa Gakwaya, na maziwa unayokunywa asubuhi yanatoka kwa wakili aliyekuwa na kesi mbele yangu. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi nikitafuta namna ya kuusoma vingine. Hakuna.

Hukumu imeshasomwa. Wenzangu wawili walikubaliana, mimi nilikataa nikaandika sababu zangu, lakini wawili ni wengi kuliko mmoja. Mukamana ameambiwa ahame. Nilipokuwa natoka alikuwa amekaa kwenye ngazi za mahakama na mjukuu wake mgongoni. Akaniambia, "Madame, mimi sijui sheria mingi. Unisomee tu, hapa imeandikwa nitalala wapi?" Jaji haruhusiwi kuongea na mwenye kesi nje ya mahakama. Nikapita. Shangazi, nimepita mbele ya mama yule kama simwoni, na mpaka leo nina hasira, siyo naye.

Uliniuliza ni nani kwetu. Si mtu wetu. Ndiyo maana akaja mahakamani, kwa sababu huko haulizwi ni wa nani.

Jean-Berchmans hakujitoa. Juzi nimeongea naye mara ya mwisho, nikamweleza nitakachofanya ili asije akasema nimemvizia. Aliniambia kwamba mwaka huu orodha ya majaji wa kupandishwa inapita kwake, na kwamba mimi ni mtu mwenye akili. Nikamwambia akili ndiyo hiyo hiyo ninayoitumia.

Nitaandika, Shangazi. Ninakuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyenilea. Siombi ruhusa. Nakuomba tu huyo ng'ombe usimuuze, usimchinje, wala usimwazime mtu. Akae hapo hapo alipo.

Yvonne hajui bado. Nitamwambia mwenyewe leo jioni.

Febronia


Ngara
Jumapili, 18 Mei 2025

Febronia,

Tu wazima. Mvua imezidi.

Yvonne amenipigia analia mpaka sikuelewa neno. Nikadhani mmepata ajali. Kumbe ajali ni wewe.

Nisikilize. Umekulia huku lakini desturi unazijua, nilikufundisha kwa mdomo wangu. Mahari ikirudi, binti karudi. Huwezi kumtoa ng'ombe zizini ukabaki na ndoa. Ukisema ng'ombe huyu ana kasoro, umesema Yvonne ameposwa kwa kasoro, na akinamama hawa hawa wanaokuja kumtazama Gaju watamtazama binti yangu kwa jicho hilo hilo mpaka azeeke. Umri wake unaujua. Umeshasahau aliyemkimbia miaka ile baada ya kadi kuchapishwa? Mimi sijasahau. Nilimlisha kwa kijiko.

Kaka yangu alipokufa sikuuliza sheria inasemaje. Nilikuja na kitenge nikakubeba. Nilikulaza kitanda kimoja na Yvonne, mkanyang'anyana shuka, asubuhi nawakuta mmekumbatiana. Sikukuhesabu mtoto wa kaka. Sasa umekuwa jaji, unamhesabu nani?

Maziwa naendelea kunywa. Nikiyaacha watu watauliza.

Kama lazima uandike, andika. Wewe ni mkaidi tangu utotoni, ukikataa uji hata fimbo haisaidii. Lakini jina langu usilitaje, na nyumba yangu usiitaje. Watafute ng'ombe wao huko kwao.

Flaviana


Kagugu, Kigali
Jumapili, 29 Juni 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na kila neno nimelistahili, isipokuwa lile la kwamba nimesahau. Shuka lenyewe nalikumbuka rangi yake.

Hapa Kagugu ni salama. Jiko la gesi limeharibika, nikalitengeneza. Jana tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, tumezibua mitaro ya mtaa mzima, mikono imepata malengelenge na nimelala vizuri. Kazini? Kazini naenda.

Yvonne amehama. Amepanga kwa rafiki yake Akimana kule Nyakabanda, juu ya duka la fundi cherehani. Aliondoka nikiwa kazini, akaacha funguo kwenye sahani. Nilimfuata. Akimana akanifungulia mlango nusu, akasema, "Dada, hayuko tayari." Nikamwachia mkate na nguo zake za baridi.

Nimeandika, Shangazi. Barua mbili, moja kwa wakaguzi wa mahakama kuhusu jaji, nyingine kwa chama cha mawakili kuhusu wakili. Nimeeleza nilichokiona Rebero, na kwamba nami nilikuwepo nikapiga makofi. Nimeeleza mara zote nilizomwomba ajitoe. Sikuongeza chumvi.

Wakaguzi waliniita. Waliuliza mengi, halafu wakauliza ng'ombe yuko wapi sasa. Jean-Berchmans amewaambia kwamba alikufa kwa ugonjwa wa kupe mwezi wa kwanza, na kwamba aliyemtoa kwa mahari ya mwanawe ni mwingine kabisa, kazaliwa zizini kwake. Mkaguzi akanitazama. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikuitoa, hiyo ni yangu na wewe. Lakini nimekula kiapo mbele ya Mungu, na swali nililielewa.

Nikasema yuko Ngara, kwa shangazi yangu Flaviana. Nimekutaja.

Sikuombi unisamehe. Ningeulizwa kesho ningejibu hivyo hivyo, kwa hiyo msamaha utakuwa wa uongo. Nimeandika tu kukwambia kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Wakaguzi hawana nguvu ya kuvuka mpaka wakakuhoji. Wamesema shahidi akitaka aje mwenyewe, asipotaka hawana la kufanya. Bila shahidi, litakuwa neno langu na neno lake, na yeye ana mvi, ana watu wa kumsemea. Bomoabomoa ya nyumba ya Mukamana imesimamishwa kidogo wakati uchunguzi unaendelea. Kidogo tu.

Sikuandikii kukusukuma. Ukinyamaza nitaelewa, na nitakuja Krismasi kama kawaida, ukinifungulia.

Mwanao, nisipokatazwa kulitumia neno hilo,
Febronia


Ngara
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mwanangu Febronia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilinyamaza kwa makusudi. Karatasi ilikuwepo na kalamu ilikuwepo. Nilikuwa na hasira na sikutaka hasira hiyo iishe haraka.

Tu wazima. Mbuzi mwekundu kazaa mapacha. Jirani yangu wa chini, yule wa kuitikia simu zako, amevunjika mkono lakini mdomo haujavunjika. Mugeni ameniambia kwamba pale mahakamani siku hizi ukikaa mezani kula, wenzako wanakumbuka wana kazi. Anawauzia wapishi wa kantini dagaa, ndio waliomwambia. Wewe uliniandikia "kazini naenda." Haya, nami nina macho.

Harusi ya Julai haikufanyika, unajua. Paroko nilimwambia bwana harusi ana safari ya kikazi. Sababu kweli sijawahi kupungukiwa. Yvonne alikuja nyumbani, akawa halali wala hali, anashinda zizini na Gaju. Sikumwuliza kitu.

Sasa sikia. Wiki hii, mchana, ikaingia gari nyeusi na nyuma yake lori dogo. Akashuka Jaji Jean-Berchmans, suti, kofia mkononi. Nikamkaribisha, nikampa maziwa, akanywa. Maneno yake laini, huyo mzee ukimsikia unatamani awe baba yako. Akasema, "Mama, nimekosa heshima kukuletea inka ya pembe mbaya. Nimekuja kubadilisha. Kwenye gari iko mitamba mbili mzuri sana." Kweli wapo, wanono, manyoya yanang'aa. Akasema ampakie Gaju aondoke naye, anishushie hawa wawili, na watu wakija kuuliza niseme hawa ndio walioletwa tangu mwanzo. Kisha harusi ifanyike mwezi huu huu, gharama zote juu yake. Na wewe, akasema, atakuombea kwa wakubwa usifukuzwe, maana umemkosea lakini ni mtoto wa nyumbani.

Febronia, nilitaka kukubali. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshainuka kwenda kufungua zizi. Niliona harusi, nikamwona Yvonne na gauni, na wewe umerudi mezani na wenzako unakula. Mjane wa Rebero sikumwona kabisa, nisikudanganye.

Nikiwa mlangoni nikamwuliza lile ambalo mtu yeyote wa kwetu huuliza akipewa ng'ombe. Nikasema, "Baba, nikiapa, niape kwa jina la nani?" Akasema, "La kwangu, mama." Nikamwambia sawa, na watu wakiuliza kwa nini mkwe kanipa ng'ombe mara mbili, nijibu nini? Akasema, "Hapo hutaji." Nikasema, nisimtaje aliyenipa ng'ombe? Akasema, "Kwa sasa hutaji. Na Yvonne pia, akiulizwa huko Kigali, aseme hii ya pembe mbaya hajawahi kuiona."

Yvonne alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo. Akauliza, "Frederick anajua?" Mzee akasema Frederick ni kijana mzuri, atasema baba yake atakachomwambia.

Basi hapo nikakaa chini. Mimi nimepewa ng'ombe mmoja tu kabla ya huyu, na aliyenipa, babu yako, mpaka leo nikijikwaa njiani natamka jina lake. Sijawahi kusikia ng'ombe wa kufunga mdomo. Ulinieleza sheria kwenye karatasi nne, sikuelewa ila nusu. Mkwe wangu alinieleza kwa maneno machache nikaelewa yote. Nikamwambia, "Baba, chukua mitamba wako, jua linazama na lori halina taa nzuri." Akavaa kofia akiwa bado ndani ya nyumba, mtu mwenye adabu kama yule, akaondoka.

Nikabaki nimeketi. Nilijua linalofuata lakini sikuthubutu kulisema, kwa kuwa si mimi ninayeolewa. Nikamwambia Yvonne, "Mwanangu, Gaju akitoka zizini, umerudi. Nikimwacha, hakuna atakayemgusa, wakaguzi hawavuki mpaka. Sema wewe." Aliweka ndoo chini, akaingia zizini, akafungua kamba kwa mkono wake.

Amelia usiku kucha, sitakuficha. Asubuhi akampigia Frederick. Hakumtukana. Akamwambia mahari imerudi, kwa hiyo hana mchumba, na kama yeye ana nia, njia ya Ngara anaijua, aje na ng'ombe wake wa jasho lake, hata akiwa ndama, hata akija baada ya miaka. Kijana alilia kwenye simu. Nilisikia kwa sababu sauti kubwa iliwekwa. Kama atakuja sijui. Yvonne naye hajui.

Daktari wa mifugo amenipa kibali. Wasiliana na wakaguzi wako walete gari Rusumo, ng'ombe tutamkabidhi pale, wamtazame pembe mpaka watosheke. Mimi nitakuja mbele yao. Nitasema nani aliniletea, siku gani, na nani alitaka nisahau. Waambie shahidi hajui Kifaransa, Kiingereza hajui, lakini Kinyarwanda cha mama yake anacho chote. Huyo mama wa Rebero naye umwambie, au kama huruhusiwi, mtu mwingine amwambie, kwamba kuna mwanamke anakuja.

Usidhani yamekwisha kati yetu. Ulinitaja nilipokukataza, na tukikutana utanisikia. Ila nikifika hapo mahakamani tutakaa meza moja tule chakula chetu, na wanaotaka kukumbuka kazi zao wakumbuke.

Tutafika Jumatatu ya tarehe 18 na basi la mchana. Yvonne anakuja nami, atasema aliyoyasikia. Amenikataza nisikuambie. Anasema bado hakusemeshi, na atalala sebuleni kwenye kochi. Wewe usibishane naye. Mtandikie kitanda chake.

Shangazi yako,
Flaviana